Usiuze kompyuta yako ya zamani, na usiwekewe krak

Leo siongelei bei wala yule mteja anayeandika "sh ngapi?" halafu anapotea. Naongelea ile kompyuta iliyo pale kona ya duka, ina Windows 7, inawaka kwa dakika nne, na fundi kashakwambia haifai. Usiiuze kwanza.

Mimi nauza viatu vya mtumba hapa Mazingara. Wateja wengi wananipata mtandaoni, mzigo unaenda kwa basi. Shule niliishia kidato cha nne, na kompyuta sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kubonyezabonyeza. Mashine yangu nilinunua laki mbili na nusu ikiwa imeshatumika, RAM yake ni GB 2. Msimamo wangu ni huu: muuzaji mdogo hahitaji programu kubwa za kuiba. Kuna watu duniani wanaandika programu ndogo kwa kupenda tu, wanaziachia bure, na zinakubali mashine za wazee kama yangu. Tuzitumie hizo. Ila tusome masharti yao kwanza, maana sisi ni wafanyabiashara na neno bure halitufuniki sisi kila mara.

Nianze na picha, maana ndiyo duka letu.

Mtumba kila pea iko moja tu. Nikifungua belo napiga picha 60 na simu, kila moja inakaribia MB 4. Hiyo ni MB 240, bando la nani? Halafu kuna wezi wa picha. Anachukua picha ya raba zako, anaposti kwake, anapokea hela ya mteja, anazima simu. Mteja akija kuiona ile picha kwako anakuita tapeli wewe. Kwa hiyo kila picha inatakiwa iwe nyepesi na iwe na jina la duka juu yake. Ukifanya moja moja kwenye simu utakesha.

Kuna programu inaitwa IrfanView. Kaianzisha Irfan Škiljan, kijana wa Bosnia aliyekuwa anasoma Vienna, ikatoka mwaka 1996 na mpaka leo anaiendeleza. Alama yake ni kipaka chekundu kilicholala chali kama kimegongwa na fuso, usikiogope. Ni ya MB chache tu na inakubali hata Windows XP. Ukiifungua bonyeza herufi B, linakuja dirisha la kushughulikia picha nyingi kwa pamoja. Weka picha zako zote, chagua folda nyingine ya kutolea (usitolee palepale, utafuta picha za mwanzo), ingia kwenye "Advanced", weka upana 1080, kisha weka maandishi ya jina la duka. Mimi huwa naliweka katikati ya kiatu, si pembeni, kwa sababu la pembeni mwizi analikata kwa sekunde mbili. Bonyeza kuanza, nenda kahudumie mteja. Ukirudi picha 60 zimekuwa kama MB 12 zote kwa pamoja, na zote zina jina lako.

Sasa masharti. IrfanView ni bure kwa matumizi ya nyumbani, shule na misaada. Ukiitumia kwa biashara unatakiwa kulipia leseni. Mimi na wewe tunaitumia kwa biashara. Leseni yake ni ada ndogo, haizidi bei ya pea moja ya raba nzuri, na siku hizi kadi ya mtandaoni unatengeneza kwenye simu bila kwenda benki. Najua kuna atakayesema "nani atajua kama sijalipa?" Hakuna. Ila sisi ndio tunaolia kila wiki kwamba watu wanachukua vitu vyetu bila kulipa. Mtu anayelalamika kaibiwa picha, halafu anaweka jina lake kwenye picha hizohizo kwa programu ambayo hajailipia, mimi simwelewi.

Kama hela hiyo huna sasa hivi, chukua PhotoDemon. Hiyo kwa sehemu kubwa ni kazi ya mtu mmoja, Tanner Helland, na leseni yake inaruhusu hata biashara bila senti. Haihitaji hata kuinstoli, unaifungua kwenye folda lake, hata kwenye fleshi, na inaanzia Windows XP. Kupunguza picha nyingi kwa mkupuo inaweza pia. Kwa mkono wangu ni nzito kidogo kuizoea kuliko IrfanView, lakini inafanya kazi.

Ya pili ni 7-Zip ya Igor Pavlov, Mrusi, iko tangu 1999. Hii hata kampuni inaruhusiwa kuitumia bila kulipa wala kujisajili. Watu wengi bado wanatafuta krak ya WinRAR ili wafungue faili za RAR, na 7-Zip inazifungua bure. Mimi naitumia kufunga daftari langu la oda kwa neno la siri kabla sijalituma kwa mwenzangu wa Korogwe. Daftari lile lina majina na namba za simu za wateja. Likianguka mikononi mwa matapeli, wateja wangu ndio watakaopigiwa za "tuma kwenye namba hii".

Hapo ndipo napotofautiana na mafundi wetu wengi. Ukipeleka kompyuta kuwekewa programu, anachomeka fleshi yake yenye krak za kila kitu, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuzima antivirusi. Jiulize kwa nini krak inataka mlinzi aondoke kwanza. Jirani yangu mmoja, muuzaji kama sisi, aliwekewa programu ya kutengeneza matangazo kwa njia hiyo. Baada ya wiki faili zake zote zilibadilika majina, hazifunguki, na kukawa na ujumbe wa kudai dola. Madeni ya wateja wake yalikuwa humo. Alianza upya kwa kukumbuka kichwani nani anadaiwa nini.

Na hata hizi za bure ukizichukua pabaya ni yaleyale. Ukitafuta jina lake mtandaoni, mara nyingi juu kabisa linakuja tangazo lenye kitufe kikubwa cha kupakulia, na silo la mwenyewe. Nenda kwenye anwani ya mwandishi: irfanview.com, photodemon.org, 7-zip.org. Soma herufi moja moja, waigaji wapo.

Kuna jambo hizi programu haziwezi kulitibu. Windows 7 Microsoft waliacha kuilinda tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025. Chrome ya mwisho inayokubali Windows 7 ni 109, ya mwaka 2023. Kwa hiyo mashine ya namna hiyo mimi naiachia picha na daftari tu, intaneti nimeizima. Benki, barua pepe na kurasa za duka ziko kwenye simu.

Anayetaka kuingia mtandaoni na mashine ileile aweke Linux. Nayo ilianza kama burudani ya mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, mwaka 1991. Linux Mint ile ya Xfce inakubali RAM ya GB 2, ingawa ukifungua kurasa nyingi itakoroma. Kuiweka kwenye fleshi kuna kijiprogramu cha Pete Batard kinaitwa Rufus. Kama uko Windows 7 chukua toleo la 3.22, mapya yanakataa. Fleshi yenyewe itafutwa yote, toa vitu vyako kwanza. Faili la Mint ni zaidi ya GB 2, subiri bando la usiku au mwombe mwenzio aliyenalo. Unaweza kuijaribu kutoka kwenye fleshi bila kugusa Windows yako. Usiponogewa, unachomoa.

Wanaosema haya ni mambo ya wazungu, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya barua na mahesabu, yote kwa Kiswahili. Tuliicheka kwa sababu ya maneno yake, tukarudi kwenye krak za Kiingereza.

Mwenye mashine ya kona aandike hapo chini: Windows gani, RAM ngapi, na unauza nini. Nitajibu jioni nikifunga duka. Namba ya simu usiweke, tafadhali.