Mwelekezi wa mlimani akivuka mpaka, ujuzi wake hubaki forodhani

AGIZO lililotolewa na serikali ya Tanzania mnamo Julai 2025, la kuwazuia raia wa kigeni kufanya biashara za aina 15, lilizua kelele nyingi jijini Nairobi. Waliolalamika walitaja zaidi mawakala wa kutuma pesa kwa simu, mafundi wa simu, wenye saluni na wanunuzi wa mazao mashambani. Ni wachache waliotua kwenye kipengele kilichotaja kazi ya kuongoza watalii.

Adhabu iliyowekwa si ya mzaha. Mgeni atakayepatikana na hatia atatozwa faini isiyopungua Sh10 milioni za Tanzania au kufungwa jela kwa muda usiozidi miezi sita, na juu ya hayo kufutiwa visa na kibali cha ukaazi. Mtanzania atakayemsaidia naye ana faini yake ya Sh5 milioni au kifungo cha miezi mitatu.

Waziri wa Biashara wa Kenya, Bw Lee Kinyanjui, alilalamika kwamba hatua hiyo inakiuka Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutekelezwa Julai 1, 2010. Kisheria, hoja hiyo ina uzito. Ila Kenya nayo haina mikono safi katika biashara ya utalii. Mnamo Desemba 2014 ndiyo iliyoyazuia magari ya watalii yenye nambari za usajili za Tanzania kuingia katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na ikachukua miezi mitatu kulegeza msimamo. Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nalo lango la Bologonja, baina ya Masai Mara na Serengeti, halijafunguliwa kwa watalii tangu mpaka ulipofungwa mwaka 1977. Nyumbu huvuka kila mwaka. Mwelekezi wao hazuiwi.

Ugomvi huu wa majirani unaficha swali kubwa zaidi, ambalo halikuulizwa katika makelele ya Julai. Serikali ya Kenya imekuwa ikiwahimiza vijana watafute kazi ng'ambo, na mnamo Septemba 13, 2024, jijini Berlin, ilitia sahihi mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi na Ujerumani. Je, kijana aliyejifunza kazi yake kwenye mteremko wa Mlima Kenya, akiwapeleka wageni hadi kilele cha Lenana chenye urefu wa mita 4,985, anaweza kuhama na ujuzi wake?

Kazi hii haifanani na nyingine. Muuguzi wa Kakamega anapofika Ulaya hukuta mwili wa binadamu ni ule ule aliousomea. Mhasibu hukuta hesabu ni zile zile. Mwelekezi hukuta mlima mwingine. Anachokijua kuhusu kinamasi cha njia ya Naro Moru, kuhusu saa ambayo mawingu hufunika bonde la Mackinder, au kuhusu mito inayofurika Aprili, hakimsaidii lolote kwingineko. Mcheza kwao hutunzwa, na pengine hakuna kazi inayothibitisha methali hiyo kama hii.

Hata hivyo sehemu ya ujuzi huo husafiri. Kufunga kamba ni kule kule. Huduma ya kwanza ni ile ile. Jicho la kumtambua mgeni anayeumwa na kichwa kwa sababu amepanda juu upesi kupita kiasi, na ujasiri wa kumwambia ageuke ingawa amelipa maelfu ya dola, ni mali isiyofungwa na mahali. Taabu ni kwamba sehemu hiyo haionekani kwa macho. Lazima ithibitishwe kwa karatasi, na karatasi hiyo ikubalike upande wa pili.

Historia ya waelekezi waliohamia ng'ambo inalionyesha jambo hili vizuri, kuanzia kwa Waswisi waliokwenda Canada. Mnamo 1896 Mmarekani Philip Abbot alianguka na kufa katika mlima Lefroy, kwenye Milima ya Rocky. Shirika la reli la Canadian Pacific, lililokuwa na hoteli kando ya reli yake na lilihitaji wageni wa kuzijaza, liliona kwamba watalii wanahitaji watu wa kuwaongoza. Mwaka wa 1899 likawaajiri Edward Feuz na Christian Häsler kutoka Uswisi. Kwa miaka kadhaa waelekezi hao na wenzao waliletwa kila msimu wa kiangazi na kurudishwa kwao ulipokwisha.

Gharama za nauli ndizo zilizoleta makao ya kudumu. Shirika lilipiga hesabu, likaona ni nafuu kuwahamisha watu hao pamoja na wake na watoto wao. Likajenga kijiji kidogo kilichoitwa Edelweiss, nje ya mji wa Golden, ambacho familia zilianza kukikalia mwaka 1912. Nyumba zilijengwa kwa mtindo wa Uswisi, zikapangwa mlimani mahali ambapo abiria wa garimoshi wangeziona wakipita. Kwa maneno mengine, makazi ya mfanyakazi yalikuwa pia tangazo la biashara la mwajiri. Msimu ulipokwisha, baadhi ya waelekezi walibaki kuzilinda hoteli zilizofungwa na kuondoa theluji kwenye mapaa. Mtu aliyesifiwa magazetini mwezi Agosti kwa kuwafikisha wageni kileleni alikuwa Januari ameshika sepetu.

Kwa kipimo cha kazi yenyewe, Waswisi hao walifaulu mno. Inaelezwa kwamba baina ya 1899 na 1954 hakuna mteja hata mmoja aliyekufa mikononi mwao. Edward Feuz mwana, aliyefuata nyayo za babake, alifariki nchini Canada mwaka 1981 akiwa na umri wa miaka 96. Lakini mafanikio hayo yalitokana na jambo moja ambalo mhamiaji wa leo halipati kirahisi: waliitwa. Mwajiri aliwatafuta kwao, akawalipia nauli, akawapa paa. 

Washerpa wa Nepal wametokea upande wa pili wa kisa hicho. Hakuna jamii inayosifika kwa kazi ya mlimani kuliko wao, na wala hakuna inayoonyesha wazi zaidi jinsi sifa inavyoweza kukosa thamani mtu akishuka kwenye ndege. Wengi wao wameweka makao katika mtaa wa Queens, New York, hasa maeneo ya Elmhurst na Jackson Heights. Wana chama chao, na wamenunua kanisa la zamani wakaligeuza kuwa mahali pa ibada ya Kibudha. Miongoni mwa waliohamia wamo watu waliofika kilele cha Everest, mita 8,849 juu ya usawa wa bahari. Jijini humo huendesha teksi.

Bi Lhakpa Sherpa ameukwea Everest mara kumi, ya mwisho ikiwa Mei 2022, idadi ambayo hakuna mwanamke mwingine aliyeifikia wakati huo. Kwa miaka mingi alikuwa akiishi katika jimbo la Connecticut, akiosha vyombo katika duka kubwa la vyakula ili kuwalea watoto wake. Bw Apa Sherpa, aliyefika kileleni mara 21 kati ya 1990 na 2011, alihamia Utah na familia yake mwaka 2006. Sababu aliyoitoa haikuwa mlima: alitaka watoto wake wapate elimu. Mwenyewe alikuwa ameanza kubeba mizigo ya wageni akiwa na umri wa miaka 12.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini wanaondoka mahali wanapoheshimiwa na kwenda mahali wasipojulikana. Aprili 18, 2014, poromoko la barafu kwenye njia ya Everest liliwaua wafanyakazi 16 wa Nepal kwa mkupuo mmoja. Serikali yao ilianza kwa kuzipa familia za marehemu rupia 40,000, yaani kama dola 400 za Marekani, za kugharimia mazishi. Mzee anayeosha vyombo Connecticut halali akiwaza kama barafu itaporomoka usiku. Hiyo ndiyo hesabu wanayoipiga, na si rahisi kuipinga.

Kenya ina kumbukumbu yake kuhusu hesabu hiyo. Mei 2024 Bw Cheruiyot Kirui, mfanyakazi wa benki, alifariki karibu na kilele cha Everest. Mwelekezi wake, Nawang Sherpa, naye hakurudi. Magazeti ya Nairobi yalimwomboleza Kirui kwa kurasa nyingi, na ilistahili. Nawang alipata mistari michache tu.

Hata huko ughaibuni, utulivu una mashaka yake. Wanepali wengi waliishi Marekani kwa hifadhi ya muda iliyotolewa mwaka 2015, baada ya tetemeko la ardhi lililoua watu karibu 9,000 nchini kwao. Mnamo Juni 2025 serikali ya Marekani ilitangaza kuifuta hifadhi hiyo, na suala likapelekwa mahakamani. Mtu aliyekaa miaka kumi, akalipa kodi na kusomesha watoto, alijikuta tena akisubiri barua.

Ulaya nako mlango ni mwembamba kwa namna nyingine. Nchini Ufaransa, kuwaongoza watu milimani kwa malipo bila stashahada inayotambuliwa na serikali ni kosa la jinai, na stashahada ya mwelekezi wa milima mirefu huchukua miaka kadhaa kuipata. Sheria hiyo haina ubaya. Imewekwa kuokoa maisha. New Zealand huwafungulia mlango vijana wa mataifa kadhaa kwa visa ya kusafiri huku wakifanya kazi, na ndiyo maana mji wa Queenstown hujaa waelekezi chipukizi kutoka Uingereza, Ujerumani na Chile. Kenya haimo katika mpango huo.

Nepal ilichukua njia ambayo Wakenya wangefaa kuiangalia kwa makini. Badala ya kutegemea sifa, chama chake cha waelekezi kilifundisha na kutahini watu wake kwa viwango vya shirikisho la kimataifa la waelekezi wa milima, lililoasisiwa na nchi za Alps mwaka 1965, hadi kikakubaliwa kuwa mwanachama mwaka 2012. Mwelekezi wa Nepal mwenye beji hiyo amefuata kiwango kile kile cha Mfaransa au Mswisi. Beji haimpi visa, lakini inamwondolea aibu ya kuanza upya kama mtu asiyejua kitu.

Kenya ina nini? Chama cha waelekezi wa safari, KPSGA, kilichoanzishwa mwaka 1996, hutahini wanachama wake kwa daraja za shaba, fedha na dhahabu, na mitihani yake huheshimiwa. Lakini uzito wake uko mbugani zaidi: wanyama, ndege, mimea, usukani wa gari. Chuo cha Utalii, kilichofunguliwa mwaka 1975 kwa msaada wa Uswisi, kimetoa wapishi na mameneja wa hoteli waliosambaa duniani. Inashangaza kwamba Waswisi, wenye umahiri wa milima kuliko wengi, walikuja kutufundisha kutandika vitanda.

Palikuwa na shule ya aina nyingine. Shirika la Marekani la NOLS, linalofundisha maisha ya nyikani, lilikuwa na kituo Naro Moru kwa miaka mingi. Huko ndiko alikopitia Bw James Kagambi, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, ambaye baadaye alifundisha ukweaji wa milima katika nchi za mbali na mwaka 1989 akafika kilele cha Denali kule Alaska. Mei 12, 2022, akiwa na umri wa miaka 62 na goti bovu, alifika Everest, Mkenya wa kwanza kufanya hivyo. Ustahimilivu ni wake mwenyewe. Lakini kilichomfungulia njia ya kufanya kazi nje ni kwamba aliyemfundisha nyumbani ndiye aliyemwajiri ng'ambo, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuuliza ujuzi wake unatoka wapi. Kituo hicho kilifungwa zamani, na hakuna taasisi ya umma iliyochukua nafasi yake.

Kwa msingi huo, malalamishi ya Kenya kuhusu agizo la Tanzania yalilenga pembeni. Ndani ya Jumuiya, wahasibu na wasanifu wa majengo walikubaliana kutambuana vyeti mwaka 2011, na wahandisi wakafuata mwaka 2012. Waelekezi hawamo. Serikali ya Dodoma ikisema mgeni asiongoze watalii Kilimanjaro, Nairobi haina cheti cha pamoja cha kuweka mezani na kusema: huyu ametahiniwa kwa kipimo kile kile cha mtu wako wa Moshi au Marangu. Ina itifaki tu, na itifaki haifungi kamba.

Makubaliano ya aina hiyo yangeweza kuanza kwa nchi hizo mbili peke yake, kwa kuwa ndizo zenye milima mirefu zaidi ya bara hili na wageni wengi wanaotaka kuipanda yote miwili katika safari moja. Mtihani mmoja wa uokoaji, mmoja wa huduma ya kwanza, na mmoja wa mlima husika ungetosha kwa mwanzo. Halmashauri ya Kudhibiti Utalii, iliyoundwa kwa Sheria ya Utalii ya mwaka 2011, ina mamlaka ya kuweka viwango kwa upande wa Kenya. Bila shaka waelekezi wa Moshi watapinga wakihofia kunyang'anywa wateja, na hofu yao itabidi isikilizwe, kwa kuwa wale wa Nanyuki na Chogoria wangekuwa na hofu iyo hiyo iwapo Watanzania wangekuja kupanga foleni katika lango la Sirimon.

Kwa wakati huo, waliokuwa tayari na leseni za Tanzania agizo lilipotolewa waliruhusiwa kuendelea hadi muda wa leseni hizo utakapokwisha. Baada ya hapo hazingehuishwa tena.