Swali la mkulima wa Tabora nalo lilipiwe

Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 1,000 kwa safari ya Richard Burton na John Speke. Novemba 1857 wakafika Kazeh, ndiyo Tabora yetu hii, wakapokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara wa Kiomani aliyewaeleza maziwa yalipo na njia za kuyafikia. Wapagazi wa Kinyamwezi walizijua njia hizo kabla yao. Agosti 1858 Speke akaliona Ziwa Nyanza, na serikali yake ikamwongezea pauni 2,500 za safari ya pili. London ilitaka kujua Mto Nile unatoka wapi. Hapa Unyanyembe hakuna aliyekuwa amekosa usingizi kwa swali hilo, ila mlipaji ndiye aliyelichagua.

Mimi ni bwana shamba mstaafu. Nimezunguka Uyui na Urambo, na wakulima walikuwa na maswali yao. La kwanza ni kuni. Tumbaku ya mvuke haikauki bila bani, nyumba ya kukaushia, na bani haliwaki bila kuni, na kuni zinatoka kwenye miyombo ileile inayowalisha nyuki wetu. La pili ni daraja. Mkulima analeta robota sokoni, mteuzi anashika jani, analitazama, anatamka daraja, na kipato cha mwaka mzima kimeshaamuliwa. Nimeona wazee wenye familia kubwa wakirudi na baiskeli zao bila kusema neno.

Sasa kuna akili mnemba inayosoma majani. Programu ya simu iitwayo Nuru inatambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani, hata pasipo intaneti, na ilifundishwa kwa picha zilizopigwa mashambani mwetu Tanzania. Ni kazi nzuri, nami naisifu. Lakini waliobeba mzigo mkubwa ni Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani na kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo, IITA, kwa fedha za wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, miradi mingi ya utafiti barani Afrika ilikatika katikati ya msimu. Mfadhili ana haki ya kufunga mfuko wake. Sisi je, wetu uko wapi?

Upo. COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na chini yake kuna MTUSATE, mfuko wa taifa wa kuendeleza sayansi na teknolojia. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, bado hatujafika. Na kinachotengwa kinafuata kalenda ya bajeti, ilhali mti wa kuni hauvunwi ndani ya mwaka mmoja wa fedha. Mtafiti anayepanda leo kwenye kituo cha utafiti cha Tumbi anahitaji uhakika wa miaka mitano au zaidi, la sivyo anaacha miche kwa mbuzi.

Vituo tunavyo: TARI Tumbi, TORITA ya tumbaku, Chuo cha Ufugaji Nyuki. Vipewe fedha za umma za kupiga picha za majani ya tumbaku kwa maelfu, kila jani na daraja lake, ili programu itoe maoni ya pili pale sokoni, mbele ya mkulima na mteuzi. Picha hizo zibaki mali ya taifa, hata akija mshirika kutoka nje na mashine kubwa kuliko zetu. Na majibu yarudi kijijini kwa Kiswahili, yasomwe kwenye mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima.

Waheshimiwa wabunge wa Tabora, Bunge la bajeti likikaa Dodoma, ulizeni shilingi ngapi za MTUSATE zimefika mkoa huu, na kwa swali la nani. Mkijibiwa kwa maneno matupu, shikeni shilingi ya waziri.