Mpeni Mgonjwa Picha Yake

Mtu anaumwa jino. Anakwenda kituo cha afya cha jirani, anapigwa eksirei, anaambiwa jino linataka kutibiwa mzizi na hapo vifaa hakuna. Anaandikiwa barua ya kwenda kliniki ya mjini. Mjini anapigwa eksirei ya jino lilelile. Bei ya matibabu inamshinda, anakwenda hospitali ya rufaa, na huko, kabla hata hajaombwa kufungua mdomo, anaelekezwa chumba cha eksirei. Jino ni moja na picha sasa ni tatu, na ile ya kwanza bado imekaa kwenye kompyuta ya kituo cha kwanza.

Ukizungumza na watu kuhusu jambo hili, wengi wanataka kujua kitu kimoja tu: mionzi ya eksirei ya meno inaleta saratani au haileti? Swali ni la haki. Tulijibu, kisha twende kwenye lililo muhimu zaidi.

Miale ya eksirei inapopita shavuni hung'oa elektroni kwenye atomu inazokutana nazo. Nyuzi za DNA zilizo ndani ya kiini cha seli zinaweza kukatika, ama kwa kupigwa moja kwa moja, ama kwa sababu maji yaliyomo ndani ya seli yamevunjika na kuzaa chembe kali zinazoshambulia kilicho karibu. Sehemu kubwa ya majeraha hayo seli huyatengeneza yenyewe. Ikishindwa, hufa, au hugawanyika ikiwa na kasoro, na kipande cha kromosomu kikabaki nje ya kiini kikuu, kikajifanyia kiini chake kidogo pembeni.

Watafiti, hasa wa Brazil, wamelichunguza hili kwa njia rahisi. Hukwangua seli za ndani ya shavu kabla mtu hajapigwa OPG, ile picha ya taya zote ambayo mashine yake humzunguka mtu kichwani, kisha hukwangua tena baada ya siku 10 hivi. Husubiri kwa sababu utando wa shavu hujibadilisha haraka, na seli zilizokuwa chini siku ya picha huwa sasa zimepanda juu. Wanachokiona mara kwa mara ni kwamba seli zinazokufa zimeongezeka, viini vyake vimesinyaa au vimemeguka. Kuhusu vile viini vidogo vya pembeni, ambavyo ndivyo dalili ya DNA iliyoharibika, tafiti hazikubaliani. Nyingi hazikuona ongezeko la maana, baadhi zimeliona.

Seli kufa si saratani. Seli iliyokufa na kubanduka haigeuki uvimbe, na shavu hubandua seli zake kila siku, eksirei iwepo isiwepo. Ila matokeo hayo yanatuonyesha kwamba mdomo hauchukulii mionzi kidogo kuwa si kitu. Seli zinaijua.

Kwa vipimo, picha ndogo ya jino moja humpa mtu chini ya milisiveti 0.01. OPG huwa kati ya 0.003 na 0.024. Mionzi ya asili, inayotoka ardhini, angani na hata kwenye chakula, humpa binadamu wastani wa milisiveti 2.4 kwa mwaka duniani kote. Kwa hiyo picha ndogo ni sawa na siku moja hivi ya kuishi tu, na OPG ikizidi sana ni siku tatu au nne. Picha ya pande tatu ndiyo ya kuangaliwa vizuri, maana ikipigwa kwa eneo kubwa inaweza kukaribia milisiveti nzima, na siku hizi inaagizwa kirahisi mno kwa mtoto anayetaka tu kuwekewa waya za meno. Mtoto seli zake zinagawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele ya kuonekana madhara.

(Na wewe unayeogopa eksirei moja huku umeficha kuberi chini ya mdomo: seli za hapo zina kesi nzito zaidi na wewe. Tumbaku ya kutafuna na tambuu yenye popoo husababisha saratani ya mdomo, na hilo halina ubishi.)

Basi jibu ni kwamba hatari ya picha moja iliyohitajika ni ndogo sana, na faida yake ni kubwa. Usaha chini ya mzizi hauonekani kwa macho. Anayekataa eksirei iliyohitajika anajidhuru. Lakini picha ya pili na ya tatu ya jino lilelile, wiki hiyohiyo, faida yake ni nini? Hakuna. Hapo hata hatari ndogo ni kubwa mno, kwa sababu hainunui chochote.

Dawa yake kila mtu anaijua. Mgonjwa akitoka aondoke na picha yake. Kama ni filamu, apewe kwenye bahasha yenye jina na tarehe. Kama ni ya kidijitali, faili litumwe kwenye simu yake kabla hajafika mlangoni. Na huko aendako, daktari aangalie mdomo kwanza, aulize "una picha ya zamani?", ndipo aamue kama anahitaji nyingine.

Tumezisikia sababu za kutofanya hivyo. Eti wagonjwa hupoteza filamu. Wengine hupoteza, ndiyo, na kliniki nazo hupoteza, na faili la simu halihitaji bahasha. Eti picha ya kituo kingine huwa haina ubora. Iangalie kwanza, ikiwa haifai, piga nyingine na uandike kwa nini. Eti jino hubadilika. Kweli, baada ya miezi, si baada ya siku nne. Nyumba ambayo kila ikipikwa mboga chumvi hununuliwa upya kwa sababu hakuna anayejua kopo liliko, tungeicheka.

Sababu ambayo haisemwi ni kwamba picha hulipiwa. Kila eksirei ni mstari kwenye risiti, na mashine iliyonunuliwa kwa mkopo inataka kujilipa. Hatusemi madaktari wa meno ni wezi; wengi wao wamelemewa, foleni iko hadi nje, na kumtuma mgonjwa chumba cha eksirei kunampa daktari dakika kumi za kumshughulikia mwingine. Ila mkoba na seli za shavu ni vya mgonjwa.

Kuna jambo la pili, dogo na rahisi vilevile. Mashine nyingi za picha ndogo hutoa mwale wa duara wenye upana wa sentimita 6 hadi 7. Filamu yenyewe ni ya mstatili, takriban sentimita 3 kwa 4. Piga hesabu: mwale wa sentimita 7 una eneo mara tatu ya filamu, maana yake theluthi mbili ya mionzi inapiga shavu, ulimi na tezi za mate bila kuongeza chochote kwenye picha. Tezi hizo si za kupuuzwa. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi iliziingiza kwenye orodha ya viungo vinavyohesabiwa peke yake katika kupima hatari. Kipo kifaa cha kufungwa kwenye mdomo wa mashine kinachoufanya mwale uwe mstatili. Wengi hawakitaki kwa sababu ukikosea kulenga kidogo, nusu ya picha inatoka tupu. Tiba ni kishikio cha filamu, kinachosaidia kulenga. Na kishikio hicho kingemaliza pia ule mtindo wa kumwambia mgonjwa "shika kwa kidole". Edmund Kells, daktari wa meno wa New Orleans aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza Marekani kutumia eksirei, alizoea kuweka mkono wake mwenyewe kwenye mwale. Alikatwa vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 alijiua. Picha za leo hutumia mionzi kidogo sana kuliko za kwake, lakini kidole hakina kazi pale.

Aproni ya risasi? Watu huiamini kama hirizi. Mwaka 2024 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilishauri kwamba si lazima tena, kwa sababu mashine za sasa zikilengwa vizuri hazimwagi mionzi mwilini, na aproni wakati mwingine huziba picha ikabidi irudiwe. Kilichosisitizwa ni kuuzuia mwale usizidi eneo linalotakiwa, na kuagiza picha inayosaidia matibabu tu.

Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomiki na sheria yake ya mwaka 2003. Kenya ina Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia chini ya sheria ya 2019. Mashine ya eksirei haiwashwi kihalali bila leseni yao. Wafanyakazi wa vyumba hivyo huvaa kifaa kidogo kifuani kinachopima mionzi waliyopata, na ni sawa kabisa. Mgonjwa hana hata karatasi. Mamlaka hizo ziongeze masharti mawili kwenye leseni ya mashine ya meno: nakala ya picha kwa mgonjwa bila malipo ya ziada, na daftari la picha zilizorudiwa, pamoja na sababu. Mkaguzi akifika alifungue daftari hilo kabla ya kitu kingine.

Kabla masharti hayo hayajaja, omba picha yako leo. Wakikwambia ni mali ya kliniki, waonyeshe risiti.