Nani Aitwe Mwenyeji katika Vyuo vya Udaktari?

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Katika vyuo vya umma vya udaktari nchini Marekani, methali hiyo imegeuzwa: mgeni azuiwe, mwenyeji apate nafasi. Sheria ya jimbo la Texas, kwa mfano, hairuhusu wasio wakazi wazidi asilimia 10 ya wanaosajiliwa. Hoja yake ni bayana. Kodi ya wenyeji ndiyo inayovigharimia vyuo hivyo, na msomi wa nyumbani hutarajiwa kuwatibu wa nyumbani.

Hata hivyo, mgeni akishafungiwa lango, wenyeji hubaki kung'ang'ania nafasi wao kwa wao. Ni mwenyeji yupi basi astahiliye? Swali hilo lilifikishwa mahakamani na Allan Bakke, mkazi wa California aliyenyimwa nafasi na chuo cha udaktari cha Davis mwaka wa 1973 na tena 1974. Kati ya nafasi 100, chuo hicho kilikuwa kimetenga 16 kwa waombaji wasiojiweza kutoka jamii za wachache. Mojawapo ya hoja za chuo ilikuwa kwamba mpango huo ungeziletea madaktari jamii zilizokosa huduma. Mwaka wa 1978 Mahakama ya Juu iliamuru Bakke asajiliwe. Jaji Lewis Powell, ambaye maoni yake ndiyo yaliyoamua kesi, hakulidharau lengo hilo. Alichokosa ni ushahidi kwamba mpango wenyewe ungelitimiza.

Kipimo hicho cha Powell hakina budi kutumiwa kuupimia ukazi pia. Anwani ya nyumbani haithibitishi kwamba daktari atarudi kijijini. Aghalabu kijana wa mjini mwenye walimu wa ziada na wazazi wenye nafasi humshinda mwenziwe wa mashambani, ilhali wote wawili huandikwa wenyeji.

Ipo mifano bora. Tangu 1971, Chuo Kikuu cha Washington kimekuwa kikiwafunza madaktari wa majimbo jirani kama Alaska, Montana na Idaho, na sehemu ya mafunzo yao hufanyika katika majimbo yao wenyewe. Huko Irvine, California, ulianzishwa mwaka wa 2004 mpango wa kuwaandaa madaktari watakaozihudumia jamii zenye asili ya Amerika ya Kilatini, na Kihispania ni sehemu ya maandalizi hayo. Mwanazuoni wa Kiswahili ataielewa hekima hiyo upesi: mgonjwa asiyeweza kueleza maumivu yake kwa lugha anayoimudu hajafikiwa na daktari, hata wakiwa chumba kimoja.

Kwa hiyo, chuo kinachojinadi kuwa cha wenyeji kiwatangazie walipa kodi si idadi ya wakazi waliosajiliwa tu, bali pia mahali wahitimu wake wanakotibu. Hapo ndipo itakapojulikana kama mwenyeji amepona.