Pesa za Kikundi Zisilale Kwenye Laini ya Mtu

Ukisoma jumbe za vikundi vya huduma hapa kisiwani, utaona habari za wanachama na habari za pesa zinakuja pamoja. Mwenzetu amejifungua salama, tuchange hongera. Mzee wetu wa Kibokoni amelazwa, tumsaidie dawa. Jumamosi kuna usafi wa ufuo, tunanunua magunia na glavu. Ramadhani inakaribia, tukusanye unga, mchele na tende za futari. Chini ya kila habari kuna nambari ya kutumia mchango, na mara nyingi nambari hiyo ni ya mweka hazina mwenyewe. Ni laini ileile anayopigia watoto wake na kulipia mboga Marikiti.

Maoni yetu ni kwamba mtindo huu uishe. Pesa za kikundi zikae mahali penye jina la kikundi. Tunasema hivi bila kumshuku mweka hazina yeyote. Wengi wao ni watu waliochaguliwa kwa sababu mtaa mzima unawaamini, na tunavyoona, wao ndio wanaoumia zaidi mambo yakiharibika.

Tuanze na jambo dogo linalotokea kimyakimya. Mweka hazina alikopa Fuliza wiki iliyopita, shilingi elfu mbili tatu hivi za kumalizia mwezi. Leo wanachama wanaanza kutuma mchango wa mgonjwa kwenye laini yake. Pesa ikiingia tu, deni linakatwa kwanza. Mfumo haujui kwamba hiyo mia tano ya Bi Mkubwa ilikuwa ya dawa. Jioni hesabu haitimii, na mtu ambaye hajaiba hata shilingi anaanza kujieleza mbele ya watu.

Jambo la pili ni zito zaidi. Tuseme mweka hazina amefariki, na kwenye laini yake mna shilingi 84,000 za kambi ya macho. Kisheria pesa iliyo kwenye laini ya mtu inahesabiwa kuwa ya mtu huyo. Warithi ndio wanaoweza kuidai, tena kwa karatasi, cheti cha kifo kikiwa cha kwanza. Hapa Mji wa Kale familia nyingi hupeleka mambo ya mirathi kwenye Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya mwaka 2010 inaitambua katika kifungu cha 170. Kila Muislamu anajua kwamba madeni na amana hutolewa kabla ya mirathi kugawanywa. Lakini amana inahitaji ushahidi. Kama hakuna daftari, hakuna muhtasari wa mkutano na hakuna kitu kilichoandikwa, kikundi kitathibitisha vipi kwamba 84,000 ile ni yake? Wakati huo mjane yuko edani, na wanachama wanabisha hodi kuulizia pesa za klabu. Hiyo ni aibu ambayo hakuna mtu anayestahili kuachiwa.

Jambo la tatu ni matapeli. Habari ya msiba au ugonjwa husambazwa kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine, na njiani ni rahisi mtu kufuta nambari ya kweli na kuweka yake. Kama kila mchango wa kikundi chenu una nambari mpya na jina la mtu tofauti, leo Salma, kesho Omari, mchangiaji aliye Jomvu au Muscat atajuaje ipi ni ya kweli? Lakini kama nambari ni moja miaka yote, na kabla ya kutuma simu inaonyesha jina la kikundi, mtu akiona jina geni atasita na kuuliza.

Halafu kuna suala la kiasi. Kwa M-Pesa, laini ya mtu binafsi haishiki zaidi ya shilingi 500,000. Kwa mchango wa futari hiyo inatosha. Lakini sote tunajua gharama ya kumpeleka mgonjwa India kwa matibabu. Mchango wa aina hiyo ukipata nguvu unaweza kugonga ukuta katikati ya usiku, watu wakituma na pesa zikikataa kuingia.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya wazungu na makaratasi yao, sisi tunaendeshana kwa kuaminiana. Hebu tuangalie vizuri. Methali inayosema mali bila daftari hupotea bila habari ni yetu wenyewe. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Na wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vya lelemama, vyenye viongozi na michango, zamani kabla ya simu. Kutoka kwenye vyama hivyo, mwishoni mwa miaka ya 1950, kulikuja jumuiya rasmi za wanawake wa Kiislamu mjini humu. Kuandika na kuwa na vyeo hatukufundishwa na intaneti.

Hata vilabu vikubwa vya huduma vina funzo hapa. Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905 na ikafika Nairobi mwaka 1930, hubadilisha rais wa klabu kila tarehe 1 Julai. Rais anakuja, rais anakwenda, akaunti inabaki ya klabu. Kikundi cha mtaani kinachotegemea laini ya mtu hakiwezi kubadilisha mweka hazina bila kubadilisha nambari, kwa hiyo mtu mmoja anabebeshwa kazi hiyo miaka kumi. Akichoka, anaona haya kusema.

Tunakubali kwamba njia rasmi ina usumbufu wake. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na katiba na wanachama wasiopungua 10, na mtalazimika kutenga asubuhi moja au mbili kwenda ofisi ya maendeleo ya jamii ya Mvita. Ukitaka Paybill au akaunti ya benki ya kikundi, kwa kawaida utaulizwa cheti cha usajili, muhtasari wa mkutano uliochagua viongozi, na vitambulisho vyao. Na sisi kampuni za malipo tunapata chetu kwenye ada, kwa hiyo mna haki ya kutusikiliza kwa sikio moja. Lakini kwa kikundi kinachokusanya pesa kila mwezi, usumbufu wa mara moja ni afadhali kuliko ugomvi wa kila mwaka.

Je, kama ninyi ni majirani saba tu wa Kuze, mnachangiana misiba na arusi? Usajili huenda usiwafae kwa sasa. Basi fanyeni haya:

Kwanza, nunueni laini ya kikundi peke yake. Itasajiliwa kwa jina la mtu, sawa, lakini isitumike kukopa wala kwa matumizi ya nyumbani.

Pili, andikeni kwenye muhtasari kwamba pesa za laini hiyo ni amana ya kikundi. Wote mtie sahihi. Nakala moja ibaki kwa katibu, nyingine kwa familia ya mwenye laini. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayomlinda mjane.

Tatu, msigawane nambari ya siri. Tunajua wengine humpa katibu ili wawe wawili. Siku pesa ikitoka hamtajua nani aliitoa, na kila mmoja atamtazama mwenzake. Nambari ya siri ni ya mtu mmoja. Ulinzi wenu uwe kwenye taarifa ya miamala.

Nne, taarifa hiyo iombwe kila mwisho wa mwezi na isomwe mkutanoni: kilichoingia, kilichotoka, ada, kilichobaki. Someni jumla. Si lazima kutaja fulani katoa elfu tano na fulani hamsini. Wapo wanaotaka sadaka yao iwe siri, na wapo ambao hamsini yao imetoka kwenye kibaba cha mwisho. Orodha ya majina kwenye WhatsApp huwafanya hao waone haya, na mwezi ujao hunyamaza kabisa.

Tano, msiache pesa nyingi zilale kwenye simu. Shughuli ikiisha, lipeni waliotoa huduma moja kwa moja kwenye Till au Paybill zao, ili risiti ibaki.

Kama wewe ndiye mweka hazina, tunakuomba uwe wa kwanza kulitaja jambo hili kwenye mkutano ujao. Likisemwa na mtu mwingine litasikika kama tuhuma. Ukilisema wewe, wenzako watajua unawatakia mema, na watoto wako hawatakuja kuulizwa pesa wasizozijua.