Tengeneza mambo ya nyumba yako

Wengi waliostaafu Uingereza wana shamba Kenya lakini hawana wosia, wakihofu kwamba kuuandika ni kujiitia mauti. Mfalme Hezekia aliagizwa atengeneze mambo ya nyumba yake (Isaya 38:1). Hilo halikuwa kukosa imani.

Sheria ya Urithi ya Kenya ndiyo inayotawala ardhi iliyo Kenya, hata mwenyewe akiwa na makao ya kudumu ng'ambo. Wosia wa maandishi unahitaji mashahidi 2 au zaidi. Mrithi asiwe mmoja wao. Tena angalia: wosia mpya wa Uingereza unaofuta wosia wote uliotangulia waweza kufuta na ule wa nyumbani.

Andika ungali hai, wanao wasije wakagombana kando ya kaburi lako.