Mafua ya Mtoto na Kifua Kinachobana

Msimu wa mafua ukiingia, mtoto mmoja hupiga chafya madrasani leo, na kabla ya juma kwisha jamvi zima linafuta kamasi. Aghalabu hupona kwa siku chache. Lakini yupo ambaye mafua yake hayaishii puani. Siku ya pili au ya tatu kikohozi humzidi usiku, kifua kikalia kama filimbi, na mama akakesha amemkalisha kitako kwa kuwa akilala anabanwa. Ndugu zake wamekwisha pona, yeye angali anakohoa.

Ikiwa hali hiyo humrudia kila apatapo mafua, mtoto huyo apelekwe kuchunguzwa pumu. Tunalitaja jina hilo waziwazi kwa sababu katika nyumba nyingi hukwepwa. Husemwa "ana kifua" au "ni baridi tu", hasa akiwa binti, kwa kuchelea maneno ya watu atakapofikia umri wa kuposwa. Anayeumia kwa siri hiyo ni mtoto, kwani hukosa dawa inayomfaa.

Virusi vya mafua, hususan viitwavyo rinovirusi, ndivyo kichocheo kikubwa cha kubanwa kwa watoto wa umri wa shule wenye pumu. Watafiti wa Southampton, Uingereza, waliofuatilia watoto wa miaka 9 hadi 11 na kuchapisha matokeo yao mwaka 1995, walikuta virusi katika takriban matukio manne kati ya kila matano. Sababu yake ni kwamba mirija ya hewa ya mtoto mwenye pumu huweza kuwa na uvimbe kwa ndani hata siku anayocheza mpira. Virusi vikiingia, uvimbe huzidi, misuli inayoizunguka mirija hujikaza, na makohozi huziba nafasi iliyosalia. Iwapo mafua ya utotoni ndiyo huzaa pumu, au hufichua tu udhaifu uliokuwamo, wataalamu wangali wanajadiliana.

Hapa ndipo fedha nyingi za wazazi hupotelea: chupa baada ya chupa ya antibiotiki, ilhali dawa hizo haziui virusi wala hazifungui mirija iliyobana. Ni kweli kwamba homa na kupumua kwa kasi huweza kuwa nimonia, nayo huhitaji tiba yake. Kwa hiyo mwamuzi awe daktari, si muuza duka la dawa.

Dawa za kuvuta ni za namna mbili. Moja hufungua mirija wakati wa kubanwa. Nyingine hutuliza uvimbe, nayo hutumiwa kila siku kama daktari alivyoagiza, hata mtoto akiwa mzima. Wengi huikatisha hii ya pili wakihofu kwamba "atazoea". La hasha, haina uraibu. Kuikatisha ndiko kunakomwacha mtoto bila kinga mafua yajayo yakifika. Mtoto mdogo huivuta vyema kupitia chombo maalumu, na asiyekimudu asikate tamaa: madaktari wa Cape Town walionyesha mwaka 1999 kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa ipasavyo, hufaa kama kile cha kununua. Muuguzi aombwe aonyeshe namna ya kuitengeneza.

Na udi wetu, pamoja na ubani, tuupendao sana siku za Ijumaa, usifukizwe alipo mtoto huyu. Moshi ni moshi, hata ukinukia.

Akishindwa kumaliza sentensi au kunyonya, mbavu zikibonyea kila avutapo pumzi, au midomo ikigeuka rangi, apelekwe hospitali saa ileile, usiku ule ule, huku akipewa njiani dawa ya kufungua mirija. Dawa hiyo iwemo pia mkobani mwake aendapo madrasa, na ustadhi aonyeshwe mapema jinsi ya kumsaidia kuivuta.